Chumba cha Kulabu katika Sinema ya Firdaus

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa timazi. Wenzangu wawili nilioajiriwa nao, wanaume, walipewa kalamu na ubao wa kuchorea. Mimi nikapewa uzi wenye kipande cha risasi mwishoni, nikaambiwa nende nikauning'inize kwenye ukuta wa ofisi yetu nione kama umesimama wima. Nilijua nafanyiwa mzaha. Nikaenda, nikapima, nikarudi nikasema ukuta umebetuka kwa ndani kiasi cha upana wa kiganja. Bwana Mchoraji Mkuu, ndiye mkubwa wetu wakati ule, akavua miwani. Ukuta wenyewe ulikuwa nyuma ya kiti chake. Siku ya pili alihamisha meza, na mimi nikapewa kalamu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpaka nimestaafu: kupima majengo ya zamani ya Mji Mkongwe, kuyachora na kuandika habari zake, ili akija mtu anataka kubomoa, Serikali ijue anabomoa nini. Vijana wa leo mnadhani kazi hiyo ni ya kukaa kwenye feni na kompyuta. Sisi tulipanda ngazi za mianzi, tukatambaa darini pamoja na popo, tukirudi nyumbani na nywele nyeupe kwa chokaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, akinifungulia mlango ananiambia, "Leo umezeeka tena."

Bwana Mchoraji Mkuu ndiye aliyenifundisha kukwangua. Ukuta wa zamani umepakwa rangi juu ya rangi, kila mwenye nyumba na yake. Unachukua kisu chembamba, unamenya rangi moja moja taratibu, kila moja unaibakishia ukanda wake, mpaka unafika kwenye chokaa ya mwanzo. Ukimaliza, unazo rangi zote za maisha ya ukuta ule zimepangana kama vidato vya ngazi. Alikuwa hacheki na mtu yule bwana. Ukimwambia, "Nnafikiri, Bwana," anakukata papo hapo: "Umefikiri au umepima?" Nilimchukia kweli kweli. Leo kila nikimkumbuka namwombea dua.

Baadaye nilihamishiwa shamba, nikazunguka Unguja kupima misikiti ya kale na magofu, kutoka Makunduchi hadi Nungwi. Mkubwa wangu wa huko alikuwa Bwana Mkaguzi, mtu wa maneno mengi na tumbo lake mbele. Yeye alinifundisha upande wa pili wa kazi, nao ni kuuliza. Ukifika mahali, usikimbilie kupima. Nenda barazani, wasalimie wazee, kunywa kahawa yao, halafu uliza taratibu jengo lilikuwa la nani na likitumika kwa nini. Utaratibu huo umetupa habari nyingi, wala siubezi. Ila una tundu moja kubwa, na hakuna aliyeliona katika ofisi nzima, maana ofisi nzima walikuwa wanaume isipokuwa mimi na mfagiaji. Tundu lenyewe ni kwamba barazani wanakaa wanaume.

Nataka kuwasimulia jengo moja tu katika yote niliyopima, nalo ni Sinema ya Firdaus. Vijana mnaijua kama ghala la mchele. Zilipoingia video watu wakaacha kwenda sinema, viti vikauzwa, magunia yakaingia. Nilikuwa nimekaribia kustaafu pale alipotokea mwekezaji akataka kuifanya hoteli ndogo na mkahawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikubali kuubakisha ukumbi na uso wa jengo, lakini nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba kimoja alichotaka kukivunja ili apate nafasi ya jiko. Sheria yetu ilikuwa nyepesi kuielewa: sehemu yenye historia inabaki, isiyokuwa na historia mwenyewe afanye atakavyo. Nikapewa kazi ya kutafuta historia ya Firdaus, chumba kwa chumba.

Ukumbi haukunipa tabu. Wazee walinieleza mpaka nikachoka. Mzee Shaame, aliyekuwa akiendesha mashine ya filamu, alinionesha tundu la ukutani alilokuwa akipitishia mwanga, akalipapasa kama mtu anayempapasa mjukuu. Lakini tulipofika kwenye chumba cha nyuma alisimama mlangoni hakuingia. Akasema hiyo ilikuwa stoo, yeye hakuwa na shughuli nayo.

Chumba chenyewe kilikuwa na dari ya boriti, na kwenye boriti zilipigwa kulabu za chuma, nyingi, kutoka ukuta huu hadi ule. Mzee mmoja wa barazani akaniapia kwamba zilitundikwa nyama. Mwengine akasema taa. Kijana anayetembeza watalii naye akaja mbio na habari yake: humo walifungwa watumwa. Wallahi nilitaka kumpiga na rula. Nikamwuliza, watumwa katika sinema? Jengo hili babu yangu kalibebea mawe, watumwa waliletwa kutizama filamu gani? Mnajua wenyewe mji wetu ulivyo, kila chumba chenye giza kina mtu wa kukiuza kwa mtalii. Utumwa ulikuwepo, na mahali pake panajulikana, na waliokufa humo hawastahiki kuongezewa uongo.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Bwana Mhandisi. Mdogo kwangu kwa miaka michache, mtu wa tai na saa, mkavu lakini mwenye haki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake. "Bi Kidawa," akasema, "kama si watumwa, ni stoo. Na kama ni stoo, ibomolewe." Kamati ingekuja kukata shauri pale pale jengoni baada ya Idi.

Mimi nilishakwangua. Chini ya rangi ya kijivu ya ghala ilikuwepo rangi ya buluu, laini, rangi ya mbingu asubuhi. Nani anapaka stoo rangi ya mbingu? Kulabu nazo nilizipima zote, nikaona zimepangwa mbili mbili, na kati ya mwenzi na mwenziwe nafasi ni ile ile chumba kizima. Ndani ya kila kulabu chuma kilikuwa kimelainika, kinang'aa kama pete iliyovaliwa miaka. Nyama hailainishi chuma hivyo, wala mnyororo. Na kwenye ukuta unaotazama ukumbini kulikuwa na kidirisha kidogo chenye kimia cha mbao, sawa na uso wa mtu aliyekaa kitako. Nimepima kila kitu, na sijaelewa hata kimoja. Nilikuwa nalala nacho, naamka nacho.

Basi siku moja nikaenda kwenye khitma Kikwajuni, kwa jirani yetu wa zamani. Tumekaa wanawake ndani, tunachambua mchele, mimi nikaanza kulalamika habari za kazi yangu, kulabu, nyama, watumwa, stoo. Pembeni yangu alikuwepo Bi Nunu, mama mtu mzima mwenye meno machache na kicheko kingi. Akaweka ungo chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani.

"Watumwa gani, mwanangu? Pale wamelala watoto wetu."

Chumba kizima kikaanza kusema pamoja. Wale waliokuwa na umri wake wote wanakijua kile chumba, na kila mmoja ana lake. Ndipo nikaelezwa. Siku moja katika wiki, mchana, Firdaus ilikuwa na onyesho la wanawake watupu, wakiliita zanana. Mwanamme hakanyagi, isipokuwa yule wa mashine, naye anaingia kwa mlango wake wa juu na kutoka kwa huo huo. Mimi zanana sikuiwahi, ilikwisha nikiwa mtoto bado, na mama yangu alikuwa mtu wa shamba, hajui sinema. Wanawake walikuja na mabuibui yao, na vikapu vya kashata na njugu, na watoto wa kunyonya, maana wangewaacha na nani? Mwenye sinema akachoshwa na vilio. Akatenga kile chumba, akapiga kulabu, akatoboa kidirisha mama aweze kumchungulia mwanawe, akamwajiri mwanamke wa kuwabembeleza. Bi Nunu akanambia, "Nenda Michenzani kwa Bi Mize. Yuhai. Ndiye aliyekuwa akiwalea."

Bi Mize alikuwa anakaa ghorofa ya juu katika yale majumba marefu, na kwa miguu yake ilivyokuwa, alikuwa hajashuka chini siku nyingi. Nilimkuta kwenye mkeka dirishani, mdogo, mweupe wa nywele. Nikampa shikamoo, akanijibu marahaba, akaniita kwa jina la mtu mwengine. Nikamwacha aniite hivyo. Kumbukumbu zake zilikuwa zinakuja na kuondoka. Mara ananieleza jambo, mara ananiuliza kama nshakula, mara anarudi mwanzo. Lakini aliposikia Firdaus, mikono yake ilianza kwenda yenyewe, inakunja kitu ambacho hakipo.

Akanieleza. Kulabu mbili, kanga moja. Ncha hii inafungwa huku na ile kule, katikati analala mtoto, unamsukuma kwa kidole. Mtoto halazwi katika kanga ngeni wala iliyofuliwa. Alazwe katika ile aliyokuja nayo mama mwilini, apate harufu yake, ndio atulie. Na kwa kuwa kanga ni doti, vipande viwili vya namna moja, mama anaingia ukumbini na kipande kilichobaki chini ya buibui. Filamu ikisha, anakuja mlangoni, anakionesha.

"Doti isipotimia, mtoto hatoki," akasema. "Hata uwe nakujua. Hata ulie."

Nikamwuliza, na wakija wawili wenye kanga za namna moja? Maana zikitoka kanga mpya nzuri, mji mzima unavaa hizo hizo. Akanitizama kama nimeuliza swali la kitoto. "Hapo namwangalia mtoto," akasema. "Mtoto hana makosa."

Nikacheka, naye akacheka. Mjukuu wake wa kike alikuwa anatutilia chai. Akanambia kwa upole kwamba bibi husema mambo hayo kila mara, na wao nyumbani wamezoea, wanadhani anaota tu. Bi Mize alisikia. Hakukasirika. Aliniuliza mimi, "Kulabu zipo bado?" Nikamwambia zipo. "Nilidhani zishauzwa chuma kikuukuu," akasema. "Ujana wangu wote uko mle, na sina hata picha moja ya kuwaonesha hawa. Zisitolewe mpaka nizione, mwanangu."

Nikamjibu inshaallah. Nilishuka ngazi zile nikiharakisha, kwa sababu nilijua siku ya kamati iko karibu, na nilikwisha kuona mchoro wa jiko la mwekezaji, na jiko lilikaa juu ya kile chumba sawasawa.

Bwana Mhandisi hakushawishika. Akasema bibi mmoja mwenye kusahau si ushahidi. Nilikuwa namheshimu, lakini siku hiyo nilimjibu kama nilivyofundishwa na Bwana Mchoraji Mkuu: mimi sikufikiri, nimepima. Nikamwekea mezani michoro ya kulabu, urefu wa kila nafasi, rangi ya buluu, kidirisha. Akaangalia kwa makini, maana mtu wa vipimo alikuwa. Akasema, haya, tutaisikiliza kamati.

Siku ya kamati nilitangulia kufika kufungua milango. Nilimwambia Bi Nunu tu kuhusu siku hiyo. Lakini ukimwambia Bi Nunu umeuambia mji. Walikuja wanawake watu wazima mpaka wakajaa ukumbini, wengine wamewaburuta watoto wao waliolazwa mle, majitu mazima yenye mvi na vitambi, wamesimama kwa haya wakati mama zao wakiwaonesha boriti kwa kidole. Mwanamme mmoja mwenye duka kubwa la vitambaa aliambiwa mbele za watu kwamba yeye alikuwa akijikojolea kila siku mpaka Bi Mize akaomba mkeka wa ziada. Mwekezaji alikuwa anacheka, hata yeye.

Bi Mize alikuja mwisho. Wajukuu zake wawili walimshusha ghorofa zote zile juu ya kiti cha plastiki. Wakati anaingizwa chumbani wajumbe wa kamati wamo ndani wanabishana, sauti juu, huyu anasema mila, huyu anasema biashara. Bi Mize akainua mkono kidogo.

"Semeni taratibu, wanangu," akasema. "Mtawaamsha."

Hakuna aliyecheka. Wanaume wale, wakubwa wa Serikali, waliteremsha sauti zao wote, na mpaka mkutano unakwisha hawakuzipandisha tena. Bi Mize alikaa anazitizama kulabu. Midomo yake inakwenda, machozi yanamtoka bila ya kujisumbua kuyafuta. Mjukuu wake wa kike alipiga magoti pembeni ya kiti, akamshika mkono, akamwambia, "Bibi, tusamehe." Mimi nikageukia ukuta nikajifanya napima.

Bi Nunu akavua kanga mabegani mwake, akanipa. Nikapanda juu ya sanduku, nikafunga ncha moja hapa na moja pale, Bi Mize ananielekeza kwa kidole: legeza, kaza, hapo hapo. Kanga ikakaa. Nafasi ile niliyoipima kulabu kwa kulabu, nisijue ni ya nini, ilikuwa ni urefu wa kanga ukitoa mafundo mawili na kina cha mtoto.

Wajumbe wakaanza kutoka. Bwana Mhandisi alibaki. Alikuwa anaitizama ile kanga inavyoyumba. Halafu akainama kwenye kiti cha Bi Mize, mtu yule mkavu, akamwamkia, akasema mama yake alikuwa mwalimu wa skuli, akikaa Mkunazini, akiitwa Bi Raya, hajui kama Bi Mize anamkumbuka.

Bi Mize akafikiri sana. "Mrefu? Ana kidoti hapa?" Akajigusa shavu.

"Naam."

"Basi wewe ndiye yule asiyelala." Akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. "Mama yako hakupata kuona mwisho wa filamu hata moja. Kila ikikaribia, wewe unaamka. Anakuja kukuchukua, ananambia, Bi Mize, utanihadithia imekwishaje. Na mimi macho yangu yako kwa watoto, nnaona nini? Basi nikiwasikiliza wanaotoka, nikisikia imekwisha vibaya, namtungia mwisho mwengine. Alikuwa amechoka yule, masikini. Nikimwambia wameoana."

Mama yake Bwana Mhandisi alikuwa keshafariki. Alikaa vile vile ameinama, kidevu chake mkononi mwa Bi Mize, mpaka nikatoka nikawaacha. Alipotufuata nje alikuwa ameshavaa miwani ya jua. Akawaambia wajumbe, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba yeye kwa upande wake ameridhika, chumba kina historia, jiko litafutiwe pengine. Hakuna aliyepinga. Mwekezaji mwenyewe akasema wala asingethubutu kupinga mbele ya mama wale.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Watu huniuliza kama naikosa kazi. Ninachokikosa ni kisu cha kukwangua, na raha ile ya rangi kutokea chini ya rangi. Kama nna la kuwaambia ninyi mlioshika kazi hii sasa, pimeni, na kahawa ya barazani kunyweni, lakini mkishakunywa ingieni na ndani. Mkiwa wanaume, tumeni wake zenu na dada zenu. Nusu ya mji huu imekaa ndani, na imeyaona mengi.

Bi Mize alifariki kabla ya matengenezo kwisha. Alizikwa na watu wengi, na walioshika jeneza wengine aliwahi kuwasukuma kwa kidole. Ukumbi ulipofunguliwa, mwekezaji aliamua awe anaonesha filamu Jumapili mchana, wanaume na wanawake pamoja. Siku ya mwanzo nilikwenda. Ilikuwa filamu ya Kihindi ya zamani, ya wakati ule wa zanana, ndefu, ya kulia na kuimba. Safu ya nyuma, karibu na kile kidirisha cha kimia, alikaa Bwana Mhandisi peke yake, amevaa kanzu. Naye alishastaafu. Filamu ilipokaribia mwisho watu wakaanza kuinuka kuwahi mlango. Yeye hakuinuka. Msichana alikufa mikononi mwa mpenzi wake, maandishi ya mwisho yakatokea, taa zikawashwa, bado amekaa.

Nikamwendea nikamwuliza ameuonaje mwisho. Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Bora mama alihadithiwa," akasema.